Wazazi Watano na Mlango wa Shule

Wakati wa vita kuu ya pili, mama mmoja, jina lake Soledad Vidaurri, alikwenda kuandikisha watoto katika shule ya Westminster, mji mdogo wa California, katika inchi ya Marekani. Alikuwa na watoto wake mwenyewe, pamoja na watoto watatu wa ndugu yake Gonzalo Mendez. Wote walikuwa wa ukoo mmoja. Lakini shuleni waligawanywa. Watoto wa Soledad walikuwa na ngozi nyeupe kidogo, na jina lao lilisikika kama la Kifaransa: wakakubaliwa. Watoto wa Gonzalo walikuwa na ngozi ya maji ya kunde na jina la Kimeksiko: wakakataliwa. Wakaambiwa kwamba mahali pao ni shule ya Wameksiko.

Soledad angeweza kuwaacha watoto wake pale na kuwarudisha wale wengine peke yao. Hakufanya hivyo. Aliwachukua wote, wake na wa ndugu yake, akarudi nao nyumbani.

Jambo hilo dogo la asubuhi moja lilizaa kesi iliyobadili desturi ya inchi nzima ya California. Tunapenda kulieleza hapa, kwani mara nyingi tunafikiri kwamba haki inaletwa na wakubwa tu, nasi wadogo kazi yetu ni kungoja. Wazazi hawa hawakungoja. Tena walikuwa na ukaidi mmoja mzuri: walikataa haki ya watoto wachache.

WAMEKSIKO WA MAREKANI

Kwanza tujue hao ni watu gani. Zamani California na inchi nyingi za jirani zilikuwa sehemu ya Meksiko. Marekani ilipigana na Meksiko tangu mwaka wa 1846, na mwaka wa 1848 vita vikaisha kwa mapatano ya Guadalupe Hidalgo. Inchi hizo zikawa za Marekani, nao wenyeji waliobaki wakaahidiwa uraia. Hao hawakuhama hata hatua moja. Ni bendera juu ya vichwa vyao iliyobadilika. Baadaye, hasa tangu mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza mwaka wa 1910, watu wengi wengine walikimbilia kaskazini kutafuta amani na kazi. Walichuma machungwa na malimau, walijenga njia za reli, walilima mashamba ya watu.

Siku hizi, pamoja na watu waliotoka Puerto Rico, Cuba na inchi nyingine za Amerika ya kusini na ya katikati, wanaitwa Walatino. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 iliwakuta zaidi ya milioni 62 katika Marekani.

Sheria ya California iliruhusu shule za mbali kwa watoto wa Wahindi Wekundu, wa Wachina na wa Wajapani. Wameksiko hawakutajwa ndani yake. Lakini desturi mbaya haingoji sheria. Kamati za shule za mahali mahali ziliwatenga watoto hao kwa amri zao wenyewe. Walitoa sababu: watoto hawajui Kiingereza, ni wachafu, wanahitaji mafundisho ya namna yao. Kwa kweli wengi walizaliwa palepale, na Kiingereza walikijua. Katika shule hizo walipewa vitabu vilivyochakaa, wakafundishwa kushona na kazi za mikono, kana kwamba imekwisha kuandikwa kwamba watakuwa wachuma machungwa kama baba zao.

ZIZI LA LEMON GROVE

Wazazi wa Westminster hawakuwa wa kwanza. Karibu na mji wa San Diego kuna mahali panapoitwa Lemon Grove. Tarehe 5 mwezi wa kwanza mwaka wa 1931, watoto walirudi shuleni baada ya sikukuu ya Noeli. Mkubwa wa shule alisimama mlangoni. Wazungu wakaingia, Wameksiko, watoto 75 hivi, wakaambiwa waende katika nyumba mpya ya vyumba viwili iliyojengwa upande wa mtaa wao. Wazazi hawakuwa wameulizwa neno. Walipoiona nyumba hiyo wakaiita kwa Kihispania «la Caballeriza», maana yake zizi la farasi.

Basi, wakafanya nini? Hawakupiga mtu, hawakuvunja kitu. Waliwarudisha watoto nyumbani, wakaunda kamati ya majirani. Wengi wao walikuwa vibarua, na wakati ule kazi ilikuwa haba katika inchi yote. Tena Wameksiko wengi walikuwa wakirudishwa Meksiko kwa nguvu. Kushitaki wakubwa wakati kama huo ilikuwa hatari kweli. Hata hivyo walikwenda kwa balozi mdogo wa Meksiko aliyekaa San Diego, akawapatia mawakili. Kesi ikaandikwa kwa jina la mtoto wa miaka 12, Roberto Alvarez. Mwaka uleule mwamuzi akaamuru watoto warudishwe katika shule yao ya kwanza, wakae pamoja na wenzao.

Walishinda, lakini ushindi ule ulibaki Lemon Grove. Haukuwa sheria kwa miji mingine. Moto uliozimwa nyumba moja uliendelea kuwaka nyumba za jirani.

SHAMBA LA WATU WALIOFUNGWA

Tumrudie sasa Gonzalo Mendez. Alizaliwa Meksiko, akaletwa California akiwa bado mtoto. Mke wake Felicitas alizaliwa Puerto Rico. Walifanya kazi ya mashamba, halafu wakafungua baa ndogo katika mji wa Santa Ana. Wakati wa vita walikodi shamba huko Westminster, ekari 40 za mboga iitwayo asparaga.

Shamba hilo lilikuwa la nani? Lilikuwa la jamaa ya Wajapani, jina lao Munemitsu. Mwaka wa 1942 serikali ya Marekani iliwahamisha zaidi ya watu 110,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia, ikawafungia katika kambi kwa sababu ya damu yao tu. Munemitsu walipelekwa kambi ya Poston, jangwani Arizona. Ili shamba lao lisipotee walilikodisha kwa Mendez. Fedha ya asparaga ndiyo iliyosaidia kulipa wakili. Hivyo shamba la watu walioonewa liliwasaidia watu wengine walioonewa. Vita vilipokwisha, Munemitsu walirudi, wakapewa shamba lao, na kwa muda jamaa zote mbili zilikaa pale pamoja. Jambo hili lastahili kukumbukwa, kwa sababu si kila mtu aliyeshika mali ya mfungwa aliirudisha.

«NJOONI NINYI PEKE YENU»

Gonzalo alipopata habari ya Soledad alikwenda kwa mkubwa wa shule, kisha kwa kamati. Hakufaulu. Yeye na Felicitas walikusanya wazazi wengine, wakaandika barua. Hawakufaulu. Shule ya Wameksiko, jina lake Hoover, ilikuwa nyumba mbovu ya mbao karibu na malisho ya ng'ombe. Na ukingo wa malisho ulikuwa na waya za umeme. Hapo ndipo watoto walipopangiwa kusoma.

Inasimuliwa kwamba wakubwa, walipoona mtu huyu hachoki, walimpa njia: watoto wake wataingia shule ya Wazungu, lakini watoto wengine Wameksiko wabaki walipo. Tufikiri kidogo, wasomaji wapenzi. Ni wazazi wangapi wangekataa? Mtoto wako amepata nafasi. Basi funga mdomo, shukuru, nenda zako. Na ndivyo mara nyingi watu wanavyotenganishwa: aliye na sauti kubwa anapewa chakula ili anyamaze, na wasio na sauti wanabaki na njaa. Gonzalo na Felicitas walikataa. Hawakutaka shule ifunguliwe kwa Mendez, walitaka ifunguliwe.

Wakamtafuta wakili David Marcus. Huyo alikuwa amekwisha kushinda kesi nyingine mwaka wa 1944 katika mji wa San Bernardino, ambapo Wameksiko walizuiliwa kuoga katika ziwa la kuogelea la watu wote. Na kati ya walioshitaki alikuwa padri mmoja Mkatoliki, jina lake Nuñez. Marcus alimweleza Gonzalo kwamba kesi ya mtu mmoja haitoshi. Basi Gonzalo akaanza kuzunguka pamoja naye katika mitaa ya wafanyakazi, nyumba kwa nyumba, akitafuta mashahidi, naye Felicitas akabaki kusimamia shamba na vibarua. Wengi waliogopa kufukuzwa kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kupata kidole cha pili si rahisi.

Mwishowe wakapatikana baba watano: Gonzalo Mendez, Thomas Estrada, William Guzman, Frank Palomino na Lorenzo Ramirez. Tarehe 2 mwezi wa tatu mwaka wa 1945 walizishitaki kamati za shule za Westminster, Garden Grove, Santa Ana na El Modena. Walishitaki kwa ajili ya watoto wao, na pia kwa ajili ya watoto wengine kama 5,000.

MBELE YA TRIBINALI

Katika tribinali ya Los Angeles wakubwa wa shule walileta neno lao la siku zote: sababu ni lugha tu. Wakili akawauliza: Je, mnawapima watoto kwanza, mjue nani anajua Kiingereza na nani hajui? Ikaonekana kwamba mara nyingi hawakupimwa hata kidogo. Walitazama jina na sura. Mkubwa mmoja alikwenda mbali zaidi: alisema wazi kwamba watoto wa Kimeksiko wako chini ya Wazungu kwa usafi na kwa uwezo wa kujifunza. Neno hilo liliandikwa, na liliwadhuru waliolisema kuliko walioambiwa.

Kisha watoto wenyewe walisimama. Msichana wa miaka 14 alijibu maswali kwa Kiingereza safi mbele ya watu wote. Kama sababu ni lugha, basi sababu imekwisha! Wataalamu pia walikuja, wakaeleza kwamba mtoto aliyetengwa hujifunza lugha polepole, kwa kuwa hana wa kusema naye. Tena hujifunza kwamba yeye ni mtu wa chini, na somo hilo halisahau upesi.

Tarehe 18 mwezi wa pili mwaka wa 1946 mwamuzi Paul McCormick akatoa hukumu. Zamani, mwaka wa 1896, tribinali kuu ya Marekani ilikuwa imesema kwamba kuwatenga watu kwa rangi si kosa, mradi vitu vya pande mbili viwe sawa. McCormick alikwenda mbele kuliko hapo. Alisema kwamba hata kama nyumba ni sawa na vitabu ni sawa, usawa wa shule haujatimia. Lazima mlango uwe wazi kwa watoto wote pasipo kutazama ukoo wao.

Wakubwa wa shule wakapeleka kesi juu, San Francisco. Hapo wazazi watano hawakuwa tena peke yao. Vyama vya watu wengine vilikuja kuwaunga mkono: chama cha Wayahudi, chama cha Wajapani wa Marekani, na chama cha watu weusi kiitwacho NAACP. Kati ya mawakili wa chama hicho alikuwa mmoja ambaye ulimwengu ungemjua baadaye: Thurgood Marshall. Tarehe 14 mwezi wa nne mwaka wa 1947 waamuzi wa San Francisco wakathibitisha ushindi, ingawa kwa neno jembamba zaidi: walisema tu kwamba hakuna sheria ya California iliyoruhusu kuwatenga Wameksiko. Miezi miwili baadaye gavana Earl Warren akatia mkono kuifuta ile sheria ya shule za mbali kwa Wachina, Wajapani na Wahindi Wekundu.

Mwaka wa 1953, Marshall alisimama mbele ya tribinali kuu ya Marekani kuwatetea watoto weusi. Na mkubwa wa waamuzi alikuwa Earl Warren yuleyule. Siku ya tarehe 17 mwezi wa tano mwaka wa 1954, kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za serikali kulikatazwa katika Marekani nzima.

NDANI YA MLANGO KUNA NINI?

Ingekuwa vizuri kama tungeweza kumaliza hapa. Lakini ukweli unatulazimisha kuendelea. Mlango ulifunguliwa, je, ndani kulikuwa na nini?

Twende sasa katika jimbo la Texas, mji wa San Antonio. Shule za Marekani zinalipwa kwa sehemu kubwa na kodi ya nyumba na viwanja vya mahali palepale. Basi mtaa wa matajiri una shule tajiri, na mtaa wa maskini una shule maskini, hata pasipo mtu kusimama mlangoni kumfukuza mtoto. Upande wa magharibi wa San Antonio kulikuwa na wilaya ya shule ya Edgewood, na karibu watoto wote ni wa asili ya Kimeksiko. Katika mwaka wa shule wa 1967-1968 Edgewood ilipata dola 356 kwa kila mtoto. Katika mji uleule, wilaya ya Alamo Heights ilipata dola 594. Usifikiri kwamba watu wa Edgewood walikuwa wavivu wa kulipa. Walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za mali. Alamo Heights walijitoza senti 85 tu. Maskini walitoa zaidi, wakapata pungufu.

Mwezi wa tano mwaka wa 1968 wanafunzi wa Edgewood walitoka madarasani, wakaandamana kudai walimu wenye ujuzi na nyumba zisizobomoka. Wazazi wakafuata. Jina la kwanza katika kesi yao lilikuwa Demetrio Rodriguez, fundi wa bati katika kiwanja cha ndege za vita, aliyekuwa askari zamani. Mwaka wa 1971 walishinda. Lakini tarehe 21 mwezi wa tatu mwaka wa 1973 tribinali kuu ya Marekani iliigeuza hukumu, waamuzi watano juu ya wanne. Walisema katiba ya Marekani haitaji masomo kama haki ya mtu. Kati ya wale wanne waliokataa alikuwa Thurgood Marshall, ambaye sasa alikuwa mwamuzi. Yeye aliyewasaidia wazazi wa Westminster kufungua mlango aliandika kwamba mlango peke yake hautoshi.

Wazazi wa Edgewood walirudi tena, safari hii katika tribinali za jimbo lao, kwa sababu katiba ya Texas inataja masomo. Mwaka wa 1989 waamuzi wote tisa wa tribinali kuu ya Texas wakawakubalia. Mwaka wa 1993 ikatoka sheria ya kuchukua sehemu ya mali ya wilaya tajiri kusaidia wilaya maskini. Ilikuwa miaka 25 tangu kesi ya kwanza. Watoto wa Rodriguez walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Alipanda mti ambao watoto wake hawakuukalia kivulini.

PAROKIA ZA SAN ANTONIO

Katika mtaa uleule wa magharibi, mwaka wa 1974, kikazaliwa chama kiitwacho COPS. Kilikuwa chama cha parokia. Mwanzilishi wake, Ernesto Cortés, mtoto wa San Antonio, hakuanza kwa kuhutubia. Alianza kwa kuuliza na kusikiliza: mama wa vyama vya kanisa, baba walioandaa sikukuu za parokia, wazazi wa shule. Aliwauliza ni jambo gani linalowasumbua. Wengi hawakusema maneno makubwa ya siasa. Walisema: maji. Mvua ikinyesha sana barabara zinakuwa mito, watoto wanatembea katika matope kwenda shule, nyumba zinaingia maji. Mitaro ilikuwa imeahidiwa tangu miaka mingi, na fedha ilikwenda mitaa mingine.

Mwaka uleule mafuriko yalikuja. Watu wa parokia, baada ya kuchunguza vitabu vya mji na kujua hesabu, walijaa katika chumba cha mkutano mbele ya wakubwa wa mji, wakauliza mmoja mmoja, kwa adabu, lakini bila kuondoka. Mitaro ikajengwa. Baadaye wakadai barabara, maktaba, nyumba, na mafundisho ya kazi kwa vijana. Maaskofu waliwatia moyo. Tangu zamani Askofu Mkuu Robert Lucey alikuwa amefundisha kwamba haki ya mfanyakazi ni jambo la Eklezya. Na Patrick Flores, mtoto wa wafanyakazi wa mashamba, mwaka wa 1970 alikuwa wa kwanza wa asili ya Kimeksiko kufanywa askofu katika Marekani. Mwaka wa 1979 akawa Askofu Mkuu wa San Antonio.

TUKUMBUKE

Gonzalo Mendez alikufa mwaka wa 1964, na wengi hawakujua alichofanya. Felicitas alikufa mwaka wa 1998. Mwaka wa 2011 binti yao Sylvia, mmoja wa watoto wale watatu walioachwa nje, alipewa na Rais Obama nishani kubwa kabisa ya raia wa Marekani. Miaka mingi alikuwa amezunguka shuleni kuwasimulia watoto habari ya wazazi wake, kwani mama yake alikuwa amemwomba isisahauliwe.

Na kazi haijaisha. Hata leo wako katika Marekani watoto Walatino wengi wanaosoma katika shule za mitaa maskini, karibu peke yao, pasipo amri ya mtu yeyote. Desturi iliyofukuzwa mlangoni inajua kurudi dirishani.

Sisi wasomaji wa mbali tunaweza kuchukua neno moja tu katika habari hii. Kila mahali penye shule kuna siku wazazi wanaitwa mkutanoni, na kila mkutano una mtu anayesema moyoni: «Wangu amekwisha kupata nafasi, mengine hayanihusu.» Mtu huyo akumbuke yule mama Soledad, ambaye watoto wake walikuwa wamekwisha kukubaliwa, naye akawashika wote mkono akarudi nao nyumbani.